Marhumu Baba na Mabomba ya Mombasa

Siku za matanga ya marhumu baba yangu, nyumba yetu ya Tudor ilijaa watu wa kila namna: mafundi wa bomba waliostaafu zamani, vijana waliomaliza chuo juzi, wazee wa baraza, na wanawake ambao mama hakuwafahamu hata kwa sura. Nilikaa nao ndani pamoja na shangazi zangu, nikasikiliza zaidi kuliko nilivyosema. Baba alikuwa mhandisi wa maji kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtaa mzima ulimwita Injinia kana kwamba hakuwa na jina jingine, lakini karibu hakuna aliyetaja cheo chake wala miradi aliyoisimamia. Mama mmoja wa Majengo alisimulia jinsi Injinia alivyomchorea kwa mkaa, ukutani mwa jiko lake, sababu ya maji kutopanda hadi chumba chake cha ghorofa ya juu. Wengine walikumbuka mambo ya aina hiyo hiyo: walimwuliza, akawajibu, wakaelewa. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya mtu aliyeamini kwamba ujuzi ni amana, na kwamba mhandisi anayeondoka duniani na ujuzi wake kichwani ameondoka na mali ya watu.

Baba alizaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika nyumba ya udongo na makuti isiyokuwa na mfereji. Babu alikuwa kibarua wa bandarini Kilindini. Baba alisoma ufundi katika taasisi iliyojengwa Tudor kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wahisani wengine ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya kiufundi, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1951, na ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kutoka hapo alikwenda Nairobi, wakati ambapo kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa huko, na vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikaa darasa moja. Alikuwa akisema kwamba huko alijifunza hesabu za maji, lakini maji yenyewe aliyajua kwa nyanya yangu, aliyeamka kabla ya alfajiri kwenda kisimani ili awahi kuchota kabla hayajatibuka.

Mtu asiyeishi Mombasa huenda asione uzito wa kazi yake. Kisiwa chetu kimezungukwa na maji yasiyonyweka na hakina mto. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, ambako mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu hupenya katika mawe ya volkano, ikachujika na kuibuka safi, kisha bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huyaleta pwani, mwendo wa kilomita 220 hivi. Mengine hutoka Marere katika milima ya Shimba, mengine visima vya Tiwi, na mengine Baricho, kando ya mto Sabaki. Baba alitupeleka Mzima tulipokuwa wadogo. Wageni wengine walikuwa wakitafuta viboko. Yeye alitusimamisha mahali maji yanapoibuka na kutueleza kwamba haya tunayoyaona yatateremka hadi Mazeras kwa uzito wake mwenyewe, bila pampu ya kuyasukuma, kwa kuwa chemchemi iko juu na bahari iko chini. Kisha akatuuliza swali: ikiwa maji yanateremka yenyewe, kwa nini basi bomba linahitaji wahandisi? Hatukuweza kujibu, naye hakutujibu. Alikuwa na tabia hiyo, ya kumwachia mtu swali njiani.

Jibu nililipata kidogo kidogo kwa kumsikiliza nyumbani. Bomba refu hupanda na kushuka kufuata ardhi. Hewa hujikusanya mahali pa juu na kuziba njia, kwa hiyo pawekwe valvu ya kuitoa. Tope hujikusanya mahali pa chini, kwa hiyo pawekwe valvu ya kulimwaga. Udongo wenye chumvi hula chuma kutoka nje, na hakuna anayeona mpaka siku maji yanaporuka juu katikati ya barabara. Zaidi ya yote, safu ya maji inayotembea ndani ya bomba kwa kilomita nyingi ina uzito mkubwa sana, na mtu akifunga valvu kwa ghafla, mwendo huo wote hugeuka kuwa kishindo kinachorudi nyuma na kuweza kupasua chuma. Ndiyo maana kila kijana aliyeletwa kwake kazini alianza kwa kufundishwa kufunga valvu polepole, mzunguko baada ya mzunguko, tena kwa kuhesabu kwa sauti. Walimcheka, kwa sababu walikuwa wamesoma na wao walitaka kupewa ramani na kalamu. Mmoja wao, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, alimwambia kaka yangu siku za matanga kwamba hadi leo hawezi kufunga hata mfereji wa sinki bila kuhesabu.

Nilichojifunza zaidi kwa baba kilitokana na ugomvi wa ndani ya nyumba, na mama ameniruhusu kuusimulia. Maji ya Mombasa hayajawahi kutosha kila mtaa kila siku, na kwa miaka mingi baba alikuwa miongoni mwa waliopanga ratiba ya mgao. Angeweza kabisa kupanga mtaa wetu upate kila siku. Wapo waliofanya hivyo, na kila mtu alijua ni nyumba zipi. Yeye alikataa. Nyumbani kwetu maji yalikuja kwa zamu kama kwa jirani, na zamu ilipochelewa tulinunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi mmoja mmoja wa lita 20, kwa bei iliyopanda kadiri kiu ilivyopanda. Mama aliona hiyo ni aibu. Nakumbuka akisimama mlangoni na kusema, bila kujali nani anasikia, "Mume wangu ndiye injinia wa maji, na mimi nangojea mkokoteni!" Baba alimjibu kwa utulivu uliomkera zaidi: "Nikipata maji kila siku, nitajuaje ratiba yangu inamuumiza nani?"

Mama alimwambia hapo hapo inamuumiza nani. Maji yalikuwa yakifika kwetu saa nane za usiku, wakati ambapo mwanamke aliyelala hana habari. Na asiyekuwa na tangi la juu lenye kujijaza lenyewe alilazimika ama kukesha ama kukosa. Kwa hiyo ratiba iliyoonekana ya haki kwenye karatasi, kila mtaa saa zake sawasawa, ilikuwa inawapa maji wenye matangi na kuwanyima wenye ndoo. Baba alinyamaza. Baadaye alianza kupita nyumba kwa nyumba, Kisauni, Majengo, Changamwe, akiwauliza wanawake maji yanafika kwao saa ngapi na nani huamka kuyachota, na ratiba ya baadhi ya mitaa ikasogezwa hadi jioni na alfajiri. Haikuwezekana kila mahali, kwa sababu usiku ndio wakati ambao matumizi ya mjini hupungua na matangi makuu hupata nafasi ya kujaa. Mimi naona kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko bomba lolote alilolaza, ingawa halikuandikwa katika barua yake ya kustaafu, na mama hadi leo anadai kwamba nusu ya sifa ni yake. Ni kweli.

Nilipochagua kusomea uhasibu, ndugu wa baba walimhurumia kwa kukosa mrithi wa fani; yeye alifurahi. Aliniambia kwamba tatizo la maji ya mjini kwa sehemu kubwa ni tatizo la hesabu: kuna maji yanayoingia, kuna maji yanayolipiwa, na kuna tofauti kati ya hizo mbili ambayo hakuna anayetaka kuulizwa. Tofauti hiyo ni mabomba yanayovuja, mita zilizochoka, na mabomba yaliyounganishwa kwa siri. Alinifundisha jinsi ya kuzitenganisha. Unakwenda kwenye mita kuu ya mtaa usiku wa manane, kati ya saa nane na saa kumi, watu wakiwa wamelala, na unasoma ni kiasi gani bado kinapita. Kinachopita wakati ambao hakuna anayeoga wala kupika, kwa sehemu kubwa, kinapotea ardhini. Lakini Mombasa, aliongeza, hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu matangi ya juu ya nyumba hujaa usiku. Kwa hiyo ni lazima kwanza uwajue watu wa mtaa na matangi yao, la sivyo utachimba barabara nzima ukitafuta tundu lisilokuwapo. Kanuni hiyo imenisaidia ofisini mwangu mara nyingi kuliko vitabu vyangu vya chuo. Namba ikionekana mbaya, nauliza kwanza watu wanaishije kabla ya kumshuku mtu.

Tundu la kweli alilitafuta kwa sikio. Alikuwa na fimbo ya chuma ambayo ncha yake moja aliiweka juu ya bomba au valvu na ya pili sikioni, akafumba macho. Maji yanayovuja kwa presha hutoa sauti ya kuchirizika inayosafiri kwenye chuma, na mzoefu huweza kujua kama yuko karibu au anasogea mbali. Tulipokuwa watoto tuliona haya kumwona baba yetu, mtu mwenye shahada, ameinama barabarani usiku na fimbo sikioni huku walinzi wa maduka wakimkodolea macho.

Jambo moja lilimkasirisha kuliko mengine, naye hakuwa mtu wa hasira. Watu wenye uwezo walikuwa wakifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili wavute maji yasiyotaka kuja. Wengi waliona ni ujanja, hata haki yao. Yeye alieleza, msikitini, sokoni, arusini, popote alipopewa nafasi, kwamba bomba lenye presha husukuma maji nje kupitia nyufa zake, lakini bomba linalovutwa na pampu huku likiwa karibu tupu hufanya kinyume: hufyonza kilicho nje, na kilicho nje ya bomba katika mitaa yetu ya vyoo vya shimo kila mtu anakijua. Mwenye pampu anajiletea yeye na majirani zake kipindupindu. Kwa sababu hiyo hiyo alitufundisha kwamba maji yakirudi baada ya siku za ukame, ya kwanza yaachwe yapite, yatumike chooni, na ya kunywa yachotwe baadaye na bado yachemshwe au yatiwe dawa. Nimesikia watu wengi wakisema jambo hili kwa amri. Yeye aliwapa sababu, na nadhani ndiyo maana walimtii.

Alistaafu akiwa na miaka 55, kama sheria ya utumishi wa umma ilivyokuwa wakati huo, muda mfupi baada ya mvua za El Niño za 1997 ambazo zilimweka nje usiku na mchana hata mama akawa anampelekea chakula ofisini. Mwaka wa kwanza wa kustaafu ulikuwa mgumu na sitaurefusha. Aliamka saa ile ile, akavaa viatu, akakaa kibarazani akiwa hana pa kwenda.

Kilichomrudisha ni kisima cha msikiti. Maji yake, yaliyokuwa matamu tangu enzi za babu, yalianza kuwa na chumvi, na kamati ikaamua kununua pampu kubwa zaidi, kwa dhana kwamba ndogo ilikuwa haifiki kwenye maji mazuri. Baba aliomba apewe muda wa kuzungumza nao baada ya sala ya Isha. Aliwaeleza kwamba chini ya kisiwa chetu cha matumbawe maji ya mvua hayakai juu ya mwamba mkavu, bali yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi kidogo. Kwa kanuni waliyoipata wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huashiria mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili, kwamba ukiyateremsha ya juu kwa mita 1 kwa kuvuta kwa pupa, ya chumvi yanaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Kwa hiyo tiba ya kisima kile ilikuwa pampu ndogo kuliko iliyokuwapo, ifanye kazi saa nyingi, polepole, na tangi la kuhifadhi. Mzee mmoja alisema hajapata kusikia mtu akitaka pampu ndogo. Walikubali kwa shingo upande. Chumvi haikuondoka mara moja, wala haikuondoka yote, lakini baada ya misimu kadhaa ya mvua maji yalirudi kunyweka, na tangu hapo hapakuwa na mtu mtaani aliyechimba kisima au choo bila kuja kumwuliza Injinia kwanza. Katika kazi ile ile aliweka tangi dogo la akiba kwa ajili ya chumba cha kuoshea maiti, ili siku ya mgao pasiwe na familia inayokimbizana na mikokoteni ikiwa na msiba. Kaka zangu walimwosha yeye mwenyewe kwa maji ya tangi hilo.

Ndani ya miaka hiyo wahandisi vijana walianza kubisha hodi nyumbani. Sheria ya Maji ya 2002 ilikuwa imebadilisha mpangilio wa huduma, ofisi zikahamishwa, makabati yakafunguliwa na kufungwa, na ramani nyingi za zamani zikapotea njiani. Walikuja kuuliza: bomba fulani linapita upande gani wa barabara, valvu fulani imefukiwa wapi. Baba alivaa kofia yake, akachukua bakora, akaenda nao kwa miguu au kwa tuktuk, akasimama mahali palipokuwa na lami tupu na kusema chimbeni hapa. Mara nyingi aliyosema yalikuwa kweli. Wale vijana walirudi wakimsifu kwa kumbukumbu yake, naye hakuzipenda sifa hizo hata kidogo. Alisema ni jambo la hatari mji mzima kutegemea kumbukumbu ya mzee mmoja mwenye kisukari.

Ndipo alipoanza kuandika. Alinunua madaftari makubwa ya hesabu, yale yenye majalada magumu, akagawa mji kwa sehemu, na kila asubuhi baada ya chai na mahamri alikaa mezani akichora kutoka kichwani: barabara, msikiti, mwembe ambao labda ulikwisha kukatwa, na bomba likipita kati yake, kipenyo chake, kina chake, mwaka aliodhani lililazwa, na valvu zake, pamoja na zile zinazofungwa kwa kuzungushwa kinyume na kawaida, ambazo mtu asiyejua huzivunja akidhani zimeshikwa na kutu. Pale alipokuwa na hakika aliandika kwa kalamu ya wino. Pale alipokisia aliandika kwa penseli, na akatuonya tusije tukayatia wino baada yake. Mimi ndiye niliyekaa naye Jumamosi nikimsomea mistari macho yake yalipoanza kumsaliti, na katika kazi hiyo nilimjua baba yangu kuliko katika miaka yote niliyolelewa naye. Pembeni mwa michoro aliandika majina ya vibarua walioichimba ile mitaro, kila aliyemkumbuka. Nilimwuliza majina yana faida gani kwa anayetafuta valvu. Akasema: "Mwanangu, hawa ndio walioligusa hilo bomba. Mimi nililiona tu."

Alifariki nyumbani, baada ya ugonjwa ambao haukuwa mrefu, akiwa amekamilisha kisiwa na sehemu kubwa ya Changamwe, lakini si Likoni wala kaskazini ya Nyali. Baada ya hitima ya arubaini tulikaa ndugu wote kujadili madaftari. Mdogo wangu alitaka tuyapeleke yote ofisini, yawe mali ya serikali kama yalivyostahili. Mama alikataa katakata, akikumbuka yaliyozipata ramani za kwanza. Tulikubaliana kwamba yapigwe picha kurasa zote, nakala zipelekwe kwa wanaohusika, na yenyewe yabaki Tudor kwa yeyote atakayetaka kuyaona, kwa sharti lile lile alilowawekea yeye alipokuwa hai: mwenye kuazima aandike jina lake, tarehe na sababu katika daftari la kijani lililo juu ya friji, na akiona kosa asahihishe kwa penseli na atie saini. Vijana wanaendelea kuja. Mmoja ameshasahihisha njia ya bomba karibu na Makupa, na alikuwa na haki, maana baba mwenyewe alikuwa ameiandika kwa penseli. Mwingine alichukua daftari la pili la Changamwe kabla ya Ramadhani na bado hajalirudisha. Jina lake limo kwenye daftari la kijani, na mama anajua kwao.